Nichomwe sindano ku oteli, ao niende kupasuliwa sura Istanbul?

Yaya Nadine, jambo.

Nasomaka majibu yako tangu zamani lakini sikukuandikiaka hata siku moja. Leo naandika juu nimechoka kukaa na hii maneno mu moyo. Niko mama wa miaka 54, nauzisha vitenge ku soko ya komini ya Kenya hapa Lubumbashi, niko na bwana, batoto batano na bajukuu. Chakula iko, Mungu anasaidia. Shida yangu ni sura.

Kila asubui nikifika ku soko muntu anauliza, "Mama, uko mugonjwa?" Siko mugonjwa. Nimelala muzuri, nimekula, lakini macho inaonyesha sijalala. Ngozi ya juu ya macho imeanguka mpaka inagusa kope, chini kuko mifuko, kuko na zile laini mbili zinatoka ku pua zinashuka ku mdomo, shingo nayo inaanza kulegea. Tena ku mashavu kuko tule tupele tweusi tudogo, mama yangu naye alikuwa natwo. Ku matanga ya mujomba muntu moja aliniuliza kama miye njo mama ya dada yangu mwenye kunifuata, na tunapishana miaka mbili tu. Bantu bakacheka, nami nikacheka, lakini nilifika nyumba nikakaa mbele ya kioo.

Sasa kuko mambo mbili. Binti yangu wa Ubelgiji anasema atalipa, amepata paketi ya Istanbul, liftingi ya sura na oteli ndani, siku saba, 4500 dolari, tiketi mbali. Na hapa kwetu kuko mama moja mwenye anakuyaka kutoka inje, anakaa ku oteli mu mji siku mbili tatu, anachoma botoksi na ile ingine ya kujaza mashavu, 150 dolari, banamuke banamupigia foleni. Rafiki yangu alichomwa. Paji la uso ikakuwa laini sana, lakini kisha miezi mine mikunjo yote ikarudia, na ku shavu ya kushoto kumebakia kadonge kagumu, yeye anasema itaisha.

Niseme yote: nilipakaaka mafuta ya kuchubua miaka mingi, ile ya tubu, niliacha wakati mjukuu wa kwanza alizaliwa. Niko na tansio, ile presha ya damu, dawa nakunywa lakini si kila siku. Bwana yangu sijamwambia kitu, na ku kanisa muchungaji anahubirika kama sura ni Mungu alitupatia. Sitaki kurudia binti wa miaka ishirini. Nataka tu bantu baache kuniuliza kama niko mugonjwa. Nifanye nini, Yaya? Na usinicheke.

Mama wa vitenge, Lubumbashi

Yaya Nadine anajibu:

Mama yangu, nani atakucheka. Kuulizwa kila asubui kama uko mgonjwa, wakati uko mzima na wateja wanakungojea, inachosha, na kutaka ile swali iishe si kiburi. Mimi nilikuwa nesi mu sali ya operasioni miaka mingi mbele ya kuanza hii safu, kwa hiyo nitaongea kwanza juu ya sura, mambo ya bwana na kanisa itakuja nyuma.

Ile ya oteli uache kabisa. Nitakuambia sababu, juu najua watu watakuja kukuambia fulani alichomwa na hakuna kitu alipata. Botoksi yenyewe ni dawa ya kweli. Inatolewa ku mikrobe moja inaitwa Clostridium botulinum, ni sumu kali yenye inapooza mwili, lakini ku kipimo kidogo sana inalegeza tu msuli na mkunjo wa juu yake unafunguka. Waganga wawili wa Kanada, bibi na bwana, Jean na Alastair Carruthers, njo waliileta ku mambo ya sura: mama alikuwa munganga wa macho, alikuwa anachoma wagonjwa wenye kope zinakazana, akaona mikunjo ya katikati ya nyusi inapotea. Mwaka 2002 Marekani wakaikubali kwa ile mikunjo. Inaanza kufanya kazi kisha siku chache, ku wiki mbili unaona matokeo yote, kisha miezi mitatu ao mine inaisha. Kwa hiyo paji la rafiki yako kurudia vile ilikuwa, hiyo ni kawaida, njo vile inakuwaka.

Sasa tuangalie sura yako wewe. Ngozi ya juu ya macho imeshashuka mpaka ku kope. Mtu wa hivyo, bila kujijua, anainua nyusi siku mzima kusudi aone vizuri, simama mbele ya kioo utaona paji lako linakazana wakati unafungua macho. Yule mama akikuchoma ku paji, ule msuli wenye unabeba nyusi utalegea, nyusi zitashuka, na macho yatafunikwa zaidi kuliko leo. Utalipa 150 dolari na shida yako yenyewe itaongezeka, kisha utabaki kungoja miezi ipite. Munganga mwenye alisomea hii kazi anaiona mu dakika chache, anakuambia hapana mama, kwako si botoksi ya paji. Lakini mwenye watu wanamupigia foleni mu chumba ya oteli na kesho kutwa anapanda ndege, atakuambia hapana namna gani?

Tena hiyo dawa inachungwa mu frigo, kati ya digri 2 na 8. Alisafiri nayo namna gani, na usiku kurenti ikikatika, tunajua huu mji wetu, chupa inakaa wapi? Mwaka 2024 kule Marekani kwenyewe watu wa majimbo mengi waliugua kisha kuchomwa botoksi ku nyumba za watu na ku masaluni, na watu wasio na ruhusa, ingine ilikuwa ya bandia, na wamoja wakalazwa ku lopitali, macho yanaona giza, wanashindwa kumeza. Kama ilifika kule, huku kwetu kwenye hakuna mtu anapita kukagua mizigo ya yule mama, unafikiri nini.

Na ile ya kujaza njo inaniogopesha zaidi. Ya muzuri inatengenezwa na asidi ya hialuroniki, kitu mwili wenyewe uko nayo, inajaza mashavu yenye yamepungua na zile laini za pua zinapungua, inakaa miezi sita, ingine inapita mwaka. Lakini sindano ikiingia mu mshipa wa damu, ile kitu inaziba mshipa, ngozi ya pale inaweza kufa, na ikifikia mshipa wa jicho mtu anapofuka. Haitokei kila siku, lakini ikitokea ni mambo ya dakika na masaa. Juu ya hiyo, munganga mwenye anachoma lazima akuwe na dawa ya kuiyeyusha, inaitwa hialuronidasi, pale pale ku meza. Na kuko wenye wanachoma silikoni ya maji juu ya bei ya chini, hiyo haiyeyukaki, inakaa mu nyama miaka yote, inaweza kutembea na kuleta madonge magumu kisha muda mrefu.

Tufike Istanbul. Wewe unauzisha vitenge, unajua pasi inanyoosha mikunjo lakini haifupishi nguo yenye ni ndefu, hiyo inataka mkasi na mshonaji. Botoksi ni pasi. Ngozi yenye imelegea ni kazi ya mkasi, na mkasi unakata pale tu ulipowekwa. Liftingi wanakata mbele ya sikio wanazunguka nyuma mpaka mu nywele, wanavuta tabaka iko chini ya ngozi, ile waganga wawili Wafaransa, Mitz na Peyronie, walieleza mwaka 1976, na wakivuta ile tabaka sura haikai ya kukazwa kama zamani wakati walikuwa wanavuta ngozi peke. Inasaidia sana ku taya, ku shingo, na kidogo ku mashavu ya chini. Inaweza kukaa miaka saba, kumi hivi, kisha uzee unaendelea na njia yake. Ni operasioni ya maana, siidharau. Lakini haigusi kope! Haitoi mifuko, haitoi tupele. Soma tena barua yako, mama, karibu yote unalia ni macho. Binti atalipa 4500 dolari, utarudi na shingo ya muzuri sana, na ku soko watakuuliza kama ulilala.

Kuko ingine. Tansio. Hatari ya kwanza ya liftingi ni damu kujikusanya chini ya ngozi, inakuja sana mu masaa 24 ya kwanza, wanarudisha mtu mu sali usiku kuitoa, na mwenye tansio haijatulia iko mu hatari kubwa zaidi. Dawa unakunywa si kila siku? Basi hakuna mkasi wa aina yoyote mpaka tansio itulie miezi, na kipimo kiandikwe. Dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki, majani ya kienyeji, vidonge vya vitamini, yote unamwambia munganga, juu mingi inafanya damu isigande vizuri. Sukari ipimwe. Hemoglobini nayo ipimwe, huku kwetu watu wengi wako na anemi SS (ugonjwa wa seli mundu) mu familia na wamoja wanabeba bila kujua, na mwenye anakulalisha lazima ajue mbele.

Na siku saba ni kidogo sana. Uvimbe na alama za damu zinachukua wiki mbili, tatu. Vidonda vikifunguka siku ya kumi, ao uambukizo ukianza, utakuwa Lubumbashi na mwenye alikupasua iko Istanbul, na kukaa mu ndege masaa mingi kisha operasioni inaleta hatari ya damu kuganda mu miguu na kupanda ku mapafu. Sisemi Waturuki hawajui kazi, wako na waganga wakubwa, na Wizara ya Afya ya kule inatoa ruhusa ya pekee kwa lopitali zenye zinapokea wagonjwa wa inje, binti aombe ile karatasi. Nasema tu operasioni ya urembo ni operasioni. Stella Obasanjo alikuwa bibi ya rais wa Nigeria, hakukosa pesa, na alikufa Oktoba 2005 kisha operasioni ya urembo Marbella, kule Hispania.

Basi kama ningekuwa dada yako, ile pesa ya binti ningeiweka ku kope. Inaitwa blefaroplasti. Ya juu wanatoa ngozi yenye imezidi, kovu linajificha mu mkunjo wa kope, mara nyingi wanafanya bila kumulalisha mtu, sindano ya ganzi tu, ni kazi ya saa moja hivi, nyuzi zinatoka kisha siku tano mpaka saba. Ya chini inatoa ao inapanga upya yale mafuta yanafanya mifuko, na uombe munganga kama anaweza kupitia ndani ya kope, juu hapo hakuna kovu la inje, na kwa ngozi nyeusi hiyo ni faida kubwa. Wiki mbili unavaa miwani ya giza, soko ingoje. Liftingi unaweza kufikiria kisha mwaka, kama bado shingo inakusumbua, nafikiri haitakusumbua sana.

Lakini mbele ya hiyo yote uende kwa munganga wa macho, hapa hapa Lubumbashi, hauhitaji pasipoti. Apime presha ya ndani ya macho, juu glokoma iko mingi kwa watu weusi wa umri wako na haiumi. Aangalie kama macho yanakauka, juu operasioni ya kope inaongeza ukavu. Na munganga wa kawaida apime tiroidi na figo, kuna watu wenye mifuko ya macho inavimba asubui na inapungua mangaribi, na ile si uzee hata kidogo, ni ugonjwa ao chumvi mingi. Ungepasuliwa bure.

Ngozi sasa. Ile mafuta ya tubu, mara nyingi ndani kuko klobetasoli, kortikoidi ya nguvu sana, na zingine hidrokinoni. Klobetasoli ya miaka inapunguza unene wa ngozi, mishipa inaonekana, kidonda kinachelewa kupona. Hidrokinoni ikipakwa miaka inaweza kuleta weusi wenye kukaa, wa bluu-bluu, ku mashavu. Uliacha, asante kwa Mungu, ngozi inarudisha nguvu kidogo kidogo. Mwambie kila munganga wazi, bila haya, jina ya tubu kama unakumbuka, na muda gani. Wengi wanaficha na munganga anakuja kushangaa mu sali. Tena mwambie kama ulipotoboa masikio, ao ulipofanyiwa sezarieni, kovu liliota likawa kubwa. Keloidi ku kope ni ya nadra sana, lakini nyuma ya sikio, pale pa liftingi, inapatikana.

Tule tupele tweusi ulirithi kwa mama, hiyo si uzee mbaya na si kansa, watu weusi wengi wako natwo, wanawake zaidi. Munganga wa ngozi anatuchoma na kasindano ka umeme, polepole, anajaribu kwanza mahali padogo, juu akichoma kwa nguvu panabaki doa jeusi ao jeupe kwa miezi. Hapo njo unaona kwa nini nakukataza pilingi kali ya saluni, ile ya kuchubua ngozi, na lezeri ya mtu yeyote. Ngozi yetu inachelewa kupiga mikunjo kuliko ya Wazungu, hiyo ni zawadi, lakini ukiiumiza inajibu kwa madoa. Lezeri yenye inafaa zaidi ngozi nyeusi inaitwa Nd:YAG, na hata hiyo ulize mwenye anaitumia alishaitumia kwa watu weusi wangapi, akuonyeshe mafoto.

Wakati unangoja tansio itulie, jikinge na jua. Unakaa ku meza ya soko kutoka asubui, huu mji uko juu karibu metre 1200, jua letu linauma hata siku za baridi za Juni. Kremi ya jua ya 30 na zaidi, ile iko na rangi ya ngozi ndani ni bora juu inazuia madoa zaidi, na mwavuli. Usiku munganga wa ngozi anaweza kukuandikia kremi ya tretinoini, kidogo sana, kiasi cha mbegu ya dengu kwa sura mzima, siku mbili kwa wiki ya kuanza, itapukutisha ngozi kidogo, usiogope na usiongeze. Matokeo yanaonekana kisha miezi mitatu mpaka sita. Kwako mwenye ngozi ilishapunguzwa na kortikoidi, usiinunue mwenyewe ku farmasi, akuone kwanza.

Na wapi ya kupasuliwa? Watu wengi wa huku wanapitia Kasumbalesa kwenda Zambia, ao wanapanda ndege ya Johannesburg. Afrika Kusini kila munganga iko mu registri ya HPCSA, lile baraza lao lenye linaandikisha waganga, ku intaneti unaandika jina lake unaona kama ni mpasuaji wa plastiki kweli, binti akusaidie kuangalia hata leo mangaribi. Popote utaenda, uongee na munganga mwenyewe ku vidio, si na yule wa WhatsApp mwenye anauza paketi, umuulize ni lopitali gani, nani atakulalisha, nini kinafanyika damu ikitoka usiku, na kama atakuambia hapana ukiwa hufai. Akikimbia hilo swali la mwisho, umuache.

Bwana yako umwambie. Mwili ni wako, hauombi ruhusa ya kope, lakini kisha operasioni mtu lazima akuwe karibu masaa 24 ya kwanza, akusaidie kuweka barafu, akupe dawa kwa saa, aone kama jicho moja linavimba na kuuma ghafla ao unaona giza, juu hiyo ni kurudi lopitali mbio. Huyo mtu awe nani kama si yeye? Mwambie vile uliniambia mimi, hata maneno ya matanga. Nafikiri atashangaa kuliko kukasirika, wanaume wengi hawajui hizi swali zinauma namna gani. Muchungaji, sioni sababu ya kumuuliza. Ukivaa miwani watakuambia Mungu alikupatia macho hafifu?

Rafiki yako sasa, na hii ifanye mbele ya mengine yote. Kile kidonge kigumu cha ku shavu asikisinge, asikikande na maji ya moto, na asirudi kwa yule mama achomwe ingine ya kukiyeyusha. Atafute sanduku ao foto ya chupa yenye walitumia, hata ujumbe wa WhatsApp wenye walimutumia, ampelekee munganga wa ngozi, juu hialuronidasi inayeyusha hialuroniki peke, silikoni haiigusi, na mu sura kuchoma bila kujua ni nini iko ndani ni kuongeza shida. Kikianza kuwa chekundu, moto, kutoa usaha, ao ngozi ya juu ikibadilika rangi, asingoje kesho, aende siku ile ile.